Kutengeneza Ni Kufanya Nini?



Tumepokea barua kutoka Panda, huko Likasi, iliyoandikwa na msichana wa shule ya sekondari. Baada ya kutusalimu kwa Tumsifu Yesu Kristu, atuuliza swali ambalo kwa kulitazama haraka laonekana dogo: Je, Waingereza wana maneno mangapi ya kutengeneza, na kwa nini sisi tuna moja tu? Tungaliweza kumjibu kwa mistari mitatu. Lakini chini ya swali ameeleza sababu ya kuuliza, na kwa ajili ya sababu hiyo twampa safu nzima ya juma hili.

Baba yake ana mashini ya kusagia mahindi. Kina mama wa mtaa huleta mahindi yao na kurudi na unga wa bukari, na kwa fedha hiyo watoto husoma. Siku moja mhimili wa mashini, yaani kile chuma cha mviringo kinachozunguka katikati, ulivunjika vipande viwili. Baba akaupeleka kwa fundi wa jirani, mtu aliyeshika vyuma tangu ujana wake, naye ndiye baba wa ubatizo wa kaka yake msichana huyu. Wakaandikiana katika daftari: "Fundi atatengeneza mhimili wa mashini." Wakataja bei, nusu ikalipwa, wakapeana mikono.

Fundi akaviunga vipande vile kwa moto, akausawazisha mhimili kwenye mashini ya kukerezea, akaupaka mafuta, akaurudisha. Ukazunguka siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili ukakatika kando ya kiungo, na kipande kikalipasua ganda la mashini. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeumia.

Hapo maneno yakaanza. Mwenye mashini akasema, "Nililipa nitengenezewe mhimili, nikapewa kiraka." Fundi akajibu, "Nimetengeneza kama tulivyoandika. Kama ungalitaka mpya, ungalileta chuma kipya, na bei ingalikuwa mara tatu." Wasomaji watambue kwamba wote wawili walisema kweli. Daftari lilikuwapo mezani, neno lilikuwa moja, kila mmoja akaona ndani yake kile alichokuwa nacho moyoni. Dominika mbili wakakaa pande mbili za kanisa, na kijana aliyebatizwa mikononi mwa fundi hakujua aanze kumpa nani mkono wa amani.

Mambo hayakuishia hapo. Baba alimtuma ndugu yake ng'ambo ya Kasumbalesa, upande wa Zambia, akatafute mhimili mwingine. Ukaja pamoja na karatasi ya duka, na juu ya karatasi neno la Kiingereza: 'reconditioned'. Msichana akafungua kamusi, akaandika kwa Kiswahili: "umetengenezwa upya." Baba akauliza, "Ni mpya, au ni wa zamani?" Mtoto akakosa la kusema. Ndipo akatuandikia.

Basi tuanze na Kiingereza, kwa kuwa ndicho alichokiuliza.

Neno lililo pana kuliko yote ni 'make'. Hutumika pale ambapo kitu hakikuwapo, sasa kipo: kiti, mkate, hata kelele. Lakini wanafunzi wasilitegemee mno. Seremala akisema amefanya kitanda atasema 'make', na mama aliyetandika kitanda hichohicho asubuhi atasema 'make' vilevile. Mmoja amepiga misumari, mwingine amenyosha shuka. Twaona kwamba hata Waingereza wana neno lao lenye nyuso mbili. Neno 'build' lilikuwa hasa la nyumba hapo zamani, kisha likaenea hata kwa meli na injini, kwa vitu vinavyosimamishwa sehemu juu ya sehemu. 'Forge' ni kufua chuma katika moto, lakini jihadharini nalo, kwa maana mtu akisemwa kwamba ame-'forge' sahihi ya mwingine hakufua kitu, ameghushi.

Tukija kwenye kurudisha kilichoharibika, maneno ni mengi zaidi. 'Mend' ni la nguo, soksi, viatu na nyavu, kazi ya mkono na subira. Mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya kasoro, hivyo 'mend' ni kuondoa kasoro. Waingereza husema pia kwamba mfupa uliovunjika una-'mend', yaani waunga wenyewe polepole. 'Repair' ni rasmi zaidi, ni la mashini, barabara na majengo. Nalo latoka katika Kilatini, kwa maana ya kuandaa tena, na Wafaransa wanalo vivyo hivyo, 'réparer'. Kisha kuna 'fix', neno tusiloliamini sana. Asili yake ni kukaza, kufunga kitu kisitikisike, na maana ya kurekebisha kilichoharibika ilienea hasa huko Marekani. Fundi akisema ame-'fix' pampu, ujue pampu yazunguka leo, lakini neno lenyewe halikuambii kama itazunguka mwezi ujao. 'Overhaul' limetoka kwa mabaharia. Kwa fundi wa injini maana yake ni kufungua kila kitu, kukagua kipande kwa kipande, kubadili vilivyochakaa na kufunga tena.

Na 'reconditioned'? Ni kitu cha zamani kilichorudishwa katika hali njema: kimefunguliwa, kimepimwa, sehemu zilizolika zimebadilishwa au zimejazwa na kukerezwa, kisha kikajaribiwa. Hivyo jibu kwa baba yetu wa Panda ni hili: mhimili wako si mpya, wala si mbovu. Kama duka lingalitaka kusema mpya lingaliandika 'new', na kwa hakika bei ingalionyesha. Uulize tu ni sehemu gani iliyojazwa, na kama kuna dhamana ya miezi kadhaa. Duka lisilojibu hayo limetumia neno kubwa kwa kazi ndogo.

Sasa sehemu ya pili ya swali, kwamba sisi tuna neno moja tu. Hapa twamkatalia binti yetu kwa upole. Hatuna neno moja, ila tumelizoea moja tukayaacha mengine yapate kutu.

Mfinyanzi hufinyanga. Mhunzi hufua, na neno hilo asili yake ni kupiga, ndiyo sababu chuma hufuliwa na nguo hufuliwa: mama zetu walizipiga juu ya jiwe mtoni. Anayemimina madini yaliyoyeyuka katika kalibu husubu. Anayezungusha chuma au mti na kuuchonga uwe mviringo hukereza. Anayeunga vyuma kwa moto hulehemu. Watu wa pwani waliunda vyombo vya bahari, na kuunda ni kuunganisha mbao nyingi ziwe jahazi moja. Leo twaunda hata kamati, na nyingine huvuja kuliko jahazi. Nguo iliyochanika hutiwa kiraka, tundu huzibwa, ukuta wa udongo hukandikwa, maandishi husahihishwa, jengo kuukuu hukarabatiwa, saa iliyochelewa hurekebishwa.

Twapenda kulitaja kwa namna ya pekee neno kuganga. Leo walisikiapo watu hufikiri dawa tu. Lakini wazee walilitumia kwa kufunga kitu kilichovunjika ili kishikane, uwe mpini wa mkuki au uwe mguu wa mtu. Yaani katika Kiswahili cha kale mpini na mguu vilitibiwa kwa neno moja, na methali isemayo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, yatoka katika kazi hiyo ya kufunga kwa uangalifu. Fundi wetu wa Panda, alipouunga ule mhimili, aliuganga. Kama daftari lingalisema hivyo kusingalikuwa na ugomvi.

Wala watu wa Katanga si wageni wa maneno haya. Kabla reli haijafika, mababu wa nchi hii waliyeyusha shaba katika tanuru za udongo na kuisubu katika umbo la msalaba, nayo misalaba hiyo ilisafiri mbali kama fedha. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto, aliandika juu yao mwaka 1926 akiwataja kama "wala shaba". Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906 ilikuta nchi yenye mafundi tayari. Mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville tangu 1931 hadi 1966, ukawa mji wa viwanda. Kiwanda cha Shituru kilianza mwaka 1929, na jina la Panda likaungana na karakana kuu, ambamo vipuri vya migodi na viwanda vilisubiwa, vilikerezwa na kulehemiwa. Kampuni ya taifa, ile tuiitayo leo Gécamines, ilishika nafasi ya Union Minière mwaka 1967, na karakana zikabaki zikijulikana kwa jina la Panda. Katika nyumba nyingi za mtaa huo bado kuna mzee ambaye ukimpa chuma chenye ufa atakigonga kwa kucha na kukuambia ufa umefika wapi.

Lakini maneno ya karakana yalikuwa ya Kifaransa, na katika miaka ya kwanza, wasimamizi wengi walipotoka kusini, yalikuwa pia ya Kiingereza. Kiswahili kikabaki kwa mambo ya nyumbani na sokoni, na huko kutengeneza kulitosha. Ndivyo ilivyo kwa maneno mengine pia. Mtu wa Katanga husema kutumika kwa maana ya kufanya kazi. Akimwambia mgeni wa Dar es Salaam kwamba ametumika Panda miaka thelathini, mgeni atamhurumia, akidhani watu walimtumia kama jembe. (Wapo wazee watakaosema mgeni hakukosea sana.)

Sasa tulitazame hili neno lenyewe. Mwenye kufungua kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 atakuta kitenzi kutengenea, ambacho siku hizi hakisikiki sana. Maana yake ni kuwa katika hali njema, kukaa sawasawa. Ukikifanya kiwe cha kusababisha, wapata kutengeneza: kusababisha kitu kikae sawasawa. Basi kwa asili yake neno hili halisemi kama kitu hakikuwapo au kilikuwapo kikaharibika. Lasema tu mwisho wa kazi, yaani mpangilio mwema. Mwanzo wake halijali. Seremala mwenye mbao na seremala mwenye kiti kilichovunjika mguu hufika mahali pamoja, na neno huwangojea hapo.

Twaona uzuri katika hilo, lakini twaona hatari pia, kwa kuwa bei ya kazi haitokani na mwisho wake tu. Yatokana na mwanzo: chuma kipya au cha zamani, siku moja au siku nne. Tena chuma kilichounganishwa kwa moto hubadilika tabia kando ya kiungo, hukakamaa, na chuma kinachozunguka hukunjwa kidogokidogo maelfu ya mara kwa saa hata kichoke. Ndiyo maana mhimili ule haukukatika juu ya kiungo bali kando yake. Kiti kilicholehemiwa chaweza kumzika mwenyewe, lakini mhimili wa mashini wahitaji fundi ajuaye kuupasha moto kabla na kuupoza polepole baadaye, na mara nyingi ni heri kukereza mpya.

Jambo la kushangaza ni kwamba majina yametenganisha kile ambacho kitenzi kimechanganya. Ukisema matengenezo, kila mtu aelewa kwamba kitu kilikuwapo na chafanyiwa kazi. Ukisema utengenezaji wa sabuni, hakuna afikiriye sabuni iliyovunjika. Na watoto wakisema mtu anatengenezatengeneza, wajua kabisa kwamba hamalizi.

Wasomaji wetu watauliza kama Maandiko Matakatifu yana la kutufundisha juu ya neno hili, nasi twafikiri yanalo. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 4, Bwana wetu awaona Yakobo na Yohane chomboni pamoja na baba yao Zebedayo, wakishughulika na nyavu zao. Waingereza wameandika hapo 'mend', na wafasiri wa Kiswahili wamependa kutengeneza. Neno la Kigiriki ni katartizo, na maana yake ni kuweka kitu katika utaratibu wake unaofaa, kukikamilisha. Kwa ufupi, ndugu wa karibu wa kutengeneza kwetu! Mtume Paulo alitumia neno hilohilo alipowaandikia Wagalatia, sura ya 6, juu ya ndugu aliyeanguka katika kosa: wamrudishe kwa upole. Wavu na ndugu, kitenzi kimoja. Wavuvi wajua kwamba wavu hautengenezwi kwa kuvuta kamba kwa hasira.

Na Nabii Yeremia, sura ya 18, alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi. Chombo kikaharibika mkononi mwake, naye akafanya chombo kingine kwa udongo uleule. Tuliposoma maneno hayo tukiwa na barua ya binti yetu mezani tulijiuliza: je, alifanya au alirudisha? Hakutia kiraka. Wala hakuutupa udongo. Kiingereza kingesema 'remake', Kiswahili chasema kufinyanga upya, na fundi wa Panda, kama angalikuwapo, angesema ametengeneza, na hakuna ambaye angemkosoa. Kuumba, hata hivyo, tumemwachia Mungu katika sala zetu, maana Yeye peke yake hakuhitaji kuletewa chuma.

Kifaransa nacho, ambacho wanafunzi wa Likasi hufundishwa kila siku, kina mfano unaotupendeza. Kurudisha mashini ni 'réparer', na ibada ya kulipia matusi yanayotendewa Moyo Mtakatifu wa Yesu huitwa 'réparation', ile tunayoiita sisi malipizi. Soksi iliyotoboka hurudishwa kwa neno 'raccommoder', na watu wawili waliogombana, wakipatana, husemwa kwa neno lilelile la soksi.

Tulimwandikia binti yetu mengi ya hayo. Juzi tumepata barua yake ya pili. Wazee wa jumuiya waliwaita baba na fundi, wakaliweka daftari kati yao, na yeye akasoma kwa sauti maelezo tuliyompelekea. Fundi alicheka aliposikia juu ya mpini wa mkuki, akasema babu yake alilijua neno hilo. Baba hakucheka, lakini alikiri kwamba hakuuliza chuma kitatoka wapi. Fundi naye akakiri kwamba aliona uzima wa kiungo kuwa mashaka akanyamaza, kwa sababu alijua karo za watoto zilikuwa karibu, naye hakutaka kutaja bei kubwa kwa baba wa mtoto wake wa ubatizo. Hilo la mwisho halimo katika kamusi yoyote, nasi hatukulitazamia.

Wakapatana hivi. Mhimili wa Zambia utumike kwa sasa. Baba atatafuta chuma kizuri, na fundi ataufanya mhimili wa akiba kwa nusu ya bei ya kazi. Msichana ndiye aliyeandika mapatano mapya katika daftari, na ametunakilia: "Fundi atakereza mhimili mpya kwa chuma kitakacholetwa na mwenye mashini. Atalehemu ganda lililopasuka. Atabadili beringi mbili." Chini kuna sahihi mbili, na ya tatu ni ya kijana yule, kama shahidi. Fundi alipokwisha kusoma aliuliza kwa nini neno lake la zamani halimo, akaambiwa litaandikwa siku mashini itakapozunguka.